Kuishi Bila Ngano: Maneno Mbele ya Wanajumuiya na Majirani

(Hotuba iliyosomwa ukumbini mwa hekalu, katika juma la maadhimisho, na mfanyabiashara wa Ilomba, Mbeya)

 

Kamati iliniomba nizungumze juu ya biashara katika mji wetu. Nikaomba radhi, nikasema kwamba juu ya biashara wapo wanaojua kuliko mimi, na kwamba elimu yangu ilikomea kidato cha nne. Nikaomba badala yake nizungumze juu ya tumbo langu. Najua baadhi yenu mmetabasamu. Hata hivyo, jambo hili lilinitenga na meza ya hekalu hili kwa karibu miaka miwili, bila ya mtu kujua sababu. Na naamini humu ukumbini wamo wengine wanaoteseka kimya kama nilivyoteseka mimi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nami nimeamua kusema kabla ya kilio.

Wengi mnanifahamu. Babu yangu alitoka Kathiawad, akafika nyanda hizi katika miaka ya 1930, wakati dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipokuwa ikivuta watu wa kila taifa. Hakuchimba dhahabu, aliwauzia wachimbaji chumvi, mafuta ya taa na unga. Baba yangu aliendelea, nami nikarithi. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiuza unga wa ngano kwa jumla, hapa Ilomba kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Waoka mikate, wapika maandazi, akina mama wa chapati, wote ni wateja wangu. Unga huo ulinisomeshea watoto watatu. Kumbe mimi mwenyewe ulikuwa ukinila polepole.

Ugonjwa ulianza mwaka 2011. Kwanza tumbo lilijaa gesi kila jioni, kisha nikawa naendesha mara nne au tano kwa siku. Vidonda vikatoka mdomoni, vikipona hivi vikarudi vile. Nikapungua kutoka kilo 78 hadi kilo 61. Damu ikapungua pia, kiasi kwamba kupanda ngazi za ghala langu, ambazo ni ngazi 14 tu, nililazimika kupumzika katikati nikishika ukuta.

Nilitibiwa taifodi mara tano. Nilitibiwa amiba, minyoo, vidonda vya tumbo. Siwalaumu walionitibu, dalili zangu zilifanana na hayo yote, na maradhi hayo ni mengi kwetu kuliko hili langu. Lakini kila dawa ilinipa nafuu ya juma moja, kisha hali ikarudi ile ile. Huku sokoni nako, watu walianza kunong'ona. Mnajua katika mkoa wetu mtu akikonda ghafla huhisiwa nini. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi aliacha kunipa mkono. Mwingine alinishauri kwa nia njema nitafute mtaalamu wa kienyeji, kwa kuwa aliamini nimefanyiwa jambo na washindani wangu. Mke wangu alinyamaza, akazidisha mapishi. Kila asubuhi glasi ya maziwa ya moto yenye manjano na iliki. Kila mchana rotli zilizopakwa samli. Kila usiku kikombe cha maziwa tena. Alikuwa akinitia nguvu. Hapana aliyejua kwamba kila tonge la upendo wake lilikuwa likinimaliza.

Aliyegundua kwanza ni yeye mwenyewe. Sisi nyumbani hufunga Ekadashi, mara mbili kwa mwezi, na siku hiyo hatuli nafaka. Mimi hufuata desturi ya marehemu mama yangu: viazi, karanga, matunda, na sabudana, zile punje nyeupe zitengenezwazo kwa wanga wa muhogo. Maziwa nayo siku hiyo siyagusi. Siku moja mke wangu akaniambia, "Siku uliyofunga ndiyo siku uliyolala vizuri. Kufunga kwako kunakuponya kuliko dawa." Nikamjibu kwamba ni baraka za Mungu. Akasema, "Inawezekana. Lakini hebu Mungu tumsaidie kwa kuhesabu." Akachukua kalenda ya ukutani, akaanza kutia alama. Baada ya miezi mitatu alama zilikuwa wazi hata kwa mtu mbishi kama mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka msilifanye. Niliacha ngano na maziwa kwa uamuzi wangu, bila kwenda hospitali. Baada ya majuma machache nikaanza kupata nguvu. Nilipoona nimekuwa mwanadamu tena, nikasafiri kwenda Dar es Salaam kumwona daktari wa magonjwa ya tumbo, nikidhani atanipongeza. Alipima damu, majibu hayakuonyesha kitu. Akaniuliza, "Mzee, tangu lini hujala ngano?" Nikamwambia, kwa fahari, karibu miezi mitano. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kipimo kile hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya ngano. Ukiiacha ngano, kingamwili nazo hupungua, na kipimo hukosa cha kukiona. Akaniambia nirudi nyumbani nikale ngano kila siku, katika milo zaidi ya mmoja, kwa majuma sita, kisha nirudi.

Ndugu zangu, majuma sita yale sitayasahau. Kula kwa makusudi kitu unachokijua kwamba kitakuumiza usiku ni mtihani. Lakini niliporudi, damu ilionyesha wazi, na kamera iliyopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba ikachukua vipande vidogo vya nyama vilivyotazamwa kwa hadubini. Jibu likawa ni ugonjwa uitwao seliaki.

Nitaeleza kwa namna daktari alivyonieleza mimi. Ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika, na ndiyo sababu chapati hukunjika bila kukatika. Imo pia katika shayiri, na katika rai, nafaka ya nchi za baridi. Kwa watu wengi haina madhara yoyote. Kwa mtu mwenye seliaki, askari wa mwili huiona gluteni kama adui, na katika vita hivyo huuharibu utumbo wenyewe. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo mno, mfano wa nyuzi za zulia, ambavyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Vinyweleo hivyo hulala na kufutika, zulia likabaki turubai. Hapo mtu hula akashiba, lakini mwili wake una njaa. Madini ya chuma hayaingii, damu inapungua, kalsiamu haiingii, mifupa inadhoofika, mtoto hakui. Na dawa yake hadi leo ni moja tu: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Hata kiasi kidogo mithili ya makombo ya mkate kikiliwa mara kwa mara hurudisha vita.

Nilisoma habari za ugonjwa huu kwa bidii kuliko nilivyosoma shuleni. Daktari wa Uingereza, Samuel Gee, aliueleza vizuri mwaka 1888, akasema kwamba mgonjwa akiweza kupona basi atapona kwa chakula; ila hakujua chakula gani ndicho kibaya. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliwalisha watoto wagonjwa ndizi nyingi, naye akawakataza mkate na nafaka nyinginezo. Watoto wakanenepa. Haas akaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Majirani zetu wa Rungwe wangefurahi kusikia hayo! Lakini dawa haikuwa ndizi. Dawa ilikuwa kukosekana kwa ngano.

Aliyefumbua fumbo hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Yeye alikuwa ameshuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika kipupwe cha mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilipatwa na njaa kali, mkate ukaadimika. Watoto wenye afya walidhoofika. Lakini watoto wenye seliaki, ajabu, hali zao zikatengemaa. Mkate uliporudi baada ya vita, wakaugua tena. Dicke aliandika utafiti wake mwaka 1950, na tangu hapo dunia ikajua.

Niliposoma hayo nilikumbuka ujana wangu. Wazee wenzangu mnakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sukari, sabuni na unga wa ngano vilipotoweka madukani, tukapanga foleni kwa unga wa mahindi ya njano. Sisi wenye maduka tulikaa na rafu tupu. Sikuwahi kuugua tumbo miaka ile. Siwezi kusema kwamba uhaba ndio ulionilinda, kwa maana ugonjwa huu huweza kumwanza mtu katika umri wowote; ila huwa nawaza kwamba mimi pengine nilishiba vema katika miaka ambayo wenzangu waliihesabu kuwa ya shida.

Sasa, maziwa. Hapa lazima nieleze kwa uangalifu, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Katika maziwa mna sukari yake iitwayo laktosi. Ili iyeyushwe, utumbo hutoa kimeng'enya kiitwacho laktezi. Watoto wachanga wote huwa nacho kwa wingi. Tunapokua, takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa nacho, na maziwa yakiwaingia huleta gesi, msokoto na kuharisha. Huo si ugonjwa wa kuuharibu utumbo. Ni upungufu tu, na kila mtu ana kiwango chake.

Katika jambo hili nchi yetu ina heshima yake katika sayansi. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wa makabila 43. Waligundua kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki yamo mabadiliko ya kurithi yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa, na kwamba mabadiliko hayo yalizuka huku kwetu yenyewe, mbali na yale ya Wazungu, katika muda wa miaka 7,000 hivi iliyopita, pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Kwa hiyo mkiona jirani mfugaji anakunywa kibuyu kizima na mwenzake mkulima anaumwa na kikombe kimoja, msiseme huyu ana nguvu na yule ni dhaifu. Kila mmoja ameachiwa na mababu zake urithi tofauti.

Mimi nilikuwa na mkosi wa kuunganisha yote mawili. Vile vinyweleo vilivyoharibiwa na gluteni ndivyo vinavyobeba laktezi. Vilipolala, na maziwa yakanishinda. Ndiyo maana, alisema daktari, nafuu niliyoipata siku moja ya Ekadashi huenda ilitokana zaidi na kuacha maziwa, kwa kuwa maziwa huumiza upesi na huachia upesi. Ngano huharibu kwa miezi, na utumbo hupona kwa miezi au miaka. Kalenda ya mke wangu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa na siri mbili ndani yake.

Baada ya hapo likaja swali la jikoni: Mgujarati asiyekula nyama, akikatazwa rotli na maziwa, atakula nini? Mke wangu alilia siku ile, nami nikakaribia kulia. Nisile rotli, puri, thepla, lapsi, bhakhri. Nisinywe chai ya maziwa, chaas, wala kheer!

Majibu yalikuwa karibu mno, tukawa hatuyaoni. La kwanza lilitoka kwa jirani yangu, mama anayeuza chakula nyuma ya ghala langu. Alinikuta nikila ndizi mbivu mchana, siku ya tatu mfululizo. Akaniuliza, "Baba, duka lote hili, ndizi tu?" Nilipomweleza, akacheka, akasema, "Hayo uliyokatazwa ndiyo sisi tulikuwa tukiyaona Krismasi tu." Akaniletea makande bila nyama, mahindi na maharage, yameiva sawasawa. Tangu siku hiyo sijaona njaa mchana. Fikirini nyanda zetu zina nini: mchele wa Kyela na wa Usangu, mahindi, ulezi, viazi mviringo, viazi vitamu, magimbi, ndizi za Rungwe, maharage ya kila rangi. Vyote hivyo havina gluteni hata chembe. Nilikuwa nimeishi miaka 50 katikati ya ghala la dawa yangu.

La pili lilitoka kwa bibi yangu, ambaye alikwisha kufariki siku nyingi. Mke wangu alikumbuka kwamba bibi alipenda rotlo ya bajra, yaani uwele, pamoja na mtama. Kule Kathiawad mkulima hakula ngano kila siku. Ngano ilikuwa ya harusi na ya wageni. Uwele tunaupata kutoka Dodoma bila taabu. Rotlo haikunjiki kama rotli, hupigwa kwa viganja viwili na hupasuka ukiharakisha. Mke wangu alipasua nyingi kabla ya mkono wake kuukumbuka mkono wa bibi. Leo tunakula rotlo ya uwele, ya mtama, ya mahindi. Tunakula khichdi ya mchele na choroko, dhokla ya unga wa dengu, handvo ya mchele na dengu. Chai nanywa ya rangi yenye tangawizi, na mchuzi tunauunga kwa tui la nazi.

Kwa sisi tusiokula nyama liko onyo moja. Ukiyaacha maziwa, unaacha pia vitamini B12 na sehemu kubwa ya kalsiamu yako. B12 haipatikani katika mboga wala nafaka. Mimi hupimwa na humeza vidonge kwa maelekezo ya daktari. Kalsiamu naipata katika ufuta, mchicha, na hasa ulezi, ambao gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300. Uji wa ulezi ambao tulizoea kuuona ni wa watoto na wazazi, mimi ndio kifungua kinywa changu.

Ngano hujificha, nayo hujificha mahali tusipotazamia. Unga wa lishe uuzwao kwa ajili ya watoto, mara nyingi umechanganywa na ngano pamoja na mahindi, ulezi na soya. Ulizeni kabla ya kununua. Mvuje tunaotia katika dal, ule wa unga uliomo koponi, aghalabu huchanganywa na unga wa ngano ili usigande. Nilikaa miezi minne nikiumwa huku nikila "salama", kumbe sababu ilikuwa ncha ya kijiko cha mvuje. Mashine ya kusaga iliyosaga ngano ya mteja aliyekutangulia huacha unga wake ndani ya ulezi wako. Mafuta yaliyokaangia puri hayafai kukaangia viazi vya mtu kama mimi. Sosi ya soya nayo kwa kawaida ina ngano. Na mimi, muuza unga, vumbi lilikuwa likinifuata hadi mdomoni. Sasa mwanangu ndiye anayesimamia upande wa ngano, nami nimehamia upande wa mchele na maharage, na nikipita ghala lile huvaa barakoa.

Sasa nifikie lile lililonifanya niombe nafasi hii.

Mnajua prasadi ni nini kwetu. Ni chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya Mungu, kikarudi kwetu kikiwa neema. Tangu utoto nilifundishwa kuipokea kwa mkono wa kulia, kuigusisha kwenye paji la uso, na kuila bila kuacha hata punje. Na prasadi yetu kubwa ni nini? Sheera: suji ya ngano, samli, maziwa, sukari. Na panchamrit: maziwa, mtindi, samli, asali, sukari. Nikawa kila nikija hekaluni, mkono wangu hupokea na moyo wangu huogopa. Mara ya kwanza nilikula kwa aibu, nikaugua siku nne. Baada ya hapo nikawa naifunga katika leso, naitia mfukoni, nikifika nyumbani nampa mtoto. Nilijiona kama mwizi anayeiba kinyume, anayetoka na alichokabidhiwa kwa heshima. Hatimaye nikaona heri nisije kabisa. Nilisema nina kazi dukani. Diwali mbili zilipita, Annakut mbili zilipita, mimi nikitazama magari yenu yakipita mbele ya duka langu.

Aliyenirudisha ni mzee wetu mmoja, ba ambaye kwa miaka mingi aliongoza jiko la hekalu hili. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakupenda kusifiwa. Alikuwa ameniona zamani nikifunga leso, akanyamaza. Siku moja alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya gunia la mchele, akaniuliza, "Beta, umegombana na Mungu au umegombana na suji?" Nikamweleza yote. Nilidhani ataniambia kwamba prasadi haiwezi kumdhuru mwenye imani. Wapo waliokwisha kuniambia hivyo. Yeye hakusema hivyo. Alisema, "Kosa ni langu mpishi. Nimekuwa nikimpikia Mungu mwaka mzima, sikuuliza watoto wake wanakula nini." Jumamosi iliyofuata akapika laddu za ufuta na sukari guru katika sufuria mpya, akazitoa mbele ya Mungu pamoja na nazi na ndizi. Mkononi mwangu akaweka moja. Niliila pale pale, mbele ya watu wote, wala sikuifunga katika leso.

Laddu hizo ziliendelea kutolewa kwa muda. Baada ya ba kurudi kwa Mungu, desturi ile ilififia, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hapakuwa na aliyeelezwa sababu yake. Kosa hilo ni langu. Nilinufaika kimya kimya, nikaacha jambo jema life kimya kimya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi matatu.

La kwanza: katika kila sherehe iwepo prasadi moja isiyo na ngano wala maziwa. Nazi, matunda, laddu za ufuta, sabudana. Mbegu za mchicha, yaani rajgira, tuzitumiazo siku za mfungo. Ipikwe katika sufuria yake, igawiwe kwa kijiko chake, na anayeipokea asiulizwe. Sufuria na mwiko nitanunua mimi.

La pili: siku ya Annakut, mbele ya kila chakula liwekwe kadi, kwa Kiswahili na kwa Kigujarati, yenye kusema kama kina ngano au maziwa. Majirani zetu nao watanufaika, maana wengi hula vyakula vyetu kwa kukisia.

La tatu linawahusu ninyi nyote. Ikiwa tumbo linakusumbua kwa miezi, damu inapungua bila sababu, au mtoto hakui ilhali anakula, usijitibu kwa kusikia hotuba yangu. Sababu ni nyingi, na aghalabu huwa nyingine. Usiache ngano kabla ya kupimwa, usije ukarudia majuma yangu sita. Na ambaye ngano haimdhuru, aile kwa raha zake. Isitoshe, mwanangu anaiuza. Katika nchi nyingi hukadiriwa kwamba mtu mmoja hivi kati ya 100 ana seliaki. Katika India ya kaskazini inajulikana sana, na kwa Wasaharawi wa Afrika ya kaskazini-magharibi walionekana zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Wa damu moja na mgonjwa hatari yao ni kubwa zaidi, kiasi cha mmoja kati ya 10. Binti yangu wa pili, ambaye kwa miaka kadhaa aliambiwa kwamba damu yake inapungua kwa sababu ya uzazi, nilimsihi apimwe. Alikuwa nayo. Leo ana afya, na ananidai shukrani ya kila siku kwa kumfundisha rotlo.

Nimalize kwa habari njema. Baada ya miaka miwili bila gluteni, kamera ilionyesha kwamba lile zulia limeanza kuota upya. Daktari akaniruhusu kujaribu maziwa kidogo kidogo. Nilianza na samli, ambayo karibu haina laktosi. Kisha mtindi, ambao vijidudu vyake vizuri huwa vimekwisha kula sehemu ya laktosi. Leo nusu glasi ya chaas nakunywa bila shida. Maziwa matupu bado yananishinda, na ngano sitaionja tena. Nimeridhika. Uzito wangu ni kilo 74. Zile ngazi 14 nazipanda bila kushika ukuta.

Leo jioni, Maharaj akishamaliza aarti, mtakuta mezani sahani mbili. Ya kushoto ni sheera, kama kawaida yetu. Ya kulia ni laddu za ufuta, zilizopikwa na mke wangu na jirani yangu mama wa makande, kwa kipimo alichotuachia ba. Jirani alisisitiza kwamba sukari guru iongezwe, nasi tumemtii. Chukueni mpendayo. Nami safari hii leso yangu nimeiacha nyumbani.

 Mungu alibariki hekalu letu na mtaa wetu.